Niligombea ubunge kwa chama cha "Tuacheni", na aliyenielewa ni mjomba peke yake

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wasio wa salaam, hamjambo.

Nimeona humu jukwaani vijana mnabishana siku ya tatu sasa juu ya hawa wanaojiita libertarian. Mmoja kasema ni mambo mapya, yameletwa na mitandao. Nikacheka peke yangu hapa Ukunda mpaka mjukuu akaja kuuliza kama niko salama.

Mimi niligombea ubunge kwa chama cha namna hiyo kabla baba zenu hawajazaliwa. Sikupata ubunge, na shamba la minazi ambalo lingekuwa langu likanipotea. Haya ni ya kweli tupu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ile ya kuelekea uhuru. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa kukosa akili, ila kila nilipoona lori linaondoka nilitaka kujua linakwenda wapi. Nilikuwa nimeosha vyombo hotelini Diani, nimepakia saruji bandarini Mombasa, nimekaa Tanga nikiuza vitana. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha kubishana.

Huko Mombasa ndiko nilikokutana na chama. Kilikuwa chama kidogo, ofisi yake chumba kimoja juu ya fundi cherehani. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu aliyesoma vitabu vingi kupita kiasi. Imani yao ilikuwa nyepesi: serikali ikamate wezi, ilinde mipaka, halafu ituache. Mwili wako ni wako, jasho lako ni lako, mali yako ni yako, umpe umtakaye.

Kwa mtu kama mimi, ambaye hakuna bosi aliyenimudu zaidi ya miezi sita, maneno yale yaliniingia kama uji wa moto asubuhi ya mvua.

Wakanipa tiketi ya kugombea kwetu, upande wa Msambweni. Sikushindana na yeyote kuipata. Hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Wakuu, kampeni ile ilikuwa kichekesho.

Kwanza, kufanya mkutano wa hadhara kulihitaji kibali cha Bwana D.C. Kwa hiyo nilipanga foleni nusu siku juani kuomba kibali cha kwenda kuhubiri kwamba vibali ni vibaya. Karani aliyenigongea muhuri alisoma karatasi zetu, akaniangalia, akanitakia kila la heri kwa huruma.

Pili, alama yetu ya uchaguzi ilikuwa mlango uliofunguliwa. Mchoraji sijui alifanyaje, kwenye mabango ukatoka kama jeneza. Wazee wakawa wanaupita wakisoma dua.

Vyama vikubwa viliahidi hospitali, barabara na maji. Mimi niliahidi kutowasumbua. Nilisimama soko la Msambweni nikaeleza yote hayo vizuri sana, kwa sauti, mkono kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo, hata hakuacha kugeuza mihogo yake, akaniuliza:

"Yaani mwanangu, unaomba kazi ili usiifanye?"

Soko zima likaangua kicheko. Tangu siku ile chama changu hakikuitwa tena kwa jina lake. Kikawa "Tuacheni." Nikipita njiani watoto wananiambia, "Tuacheni, shikamoo." Nami naitikia marahaba, ningefanyaje.

Sasa hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu jambo moja, bila hilo hamtaelewa kilichonipata.

Sisi Wadigo, kwa mila ya wakati ule, mtu akifa mali yake haikwenda kwa wanawe. Ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Masheikh walikuwa wakilipinga hilo msikitini, lakini nyumbani ukoo ndio uliokuwa na neno. Na mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, Mjomba Salimu, mwenye shamba la minazi lililofika karibu na Gazi. Mimi ndiye mpwa wake wa pekee.

Kwa hiyo nilizurura dunia nikiwa na moyo mkunjufu. Nilijua hata nikirudi mikono mitupu, shamba lipo linaningoja.

Mjomba alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Omari. Omari hakuzurura. Tangu utoto alipalilia shamba lile, akaangua nazi, akapanda miche mipya palipokufa mizee. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama gome kwa kukwea. Sote tulijua kwamba siku baba yake akifumba macho, yeye atatoka na jembe lake, mimi niingie. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndio kabisa.

Mkutano wangu wa mwisho niliufanyia nyumbani. Walikuja jamaa kwa kunionea haya. Mjomba alikaa mbele kabisa, kofia imenyooka, akinisikiliza kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Nilipomaliza alinyanyua mkono, akasimama.

"Nataka nielewe. Umesema mali ya mtu ni yake, ampe amtakaye. Ni kila mtu, ama ni wazungu na matajiri?"

"Kila mtu, mjomba."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakaa. Mimi moyoni nikasema hiyo kura nimeipata. Nilifurahi mpaka nikarudia ile sehemu ya mali mara ya pili, kwa mifano.

Uchaguzi ukaja, nikashindwa vibaya. Kura zangu zilikuwa chache kiasi kwamba msimamizi alizisoma haraka haraka, kama mtu anayeficha aibu ya mgeni. Nikauliza nyumbani nani alinipigia. Mjomba akasema ni yeye. Wengine wakaulizana habari za mvua. Mama yangu mzazi alisema alikosea sanduku.

Sikuumia sana. Nikaanza kuuliza meli zinazoondoka.

Kabla sijaondoka, habari zikaja kwamba Mjomba Salimu amemwita imamu na mashahidi wawili, akampa Omari shamba lote, hiba, angali hai na akili timamu. Imamu alipouliza kwa nini sasa, alijibu, "Mpwa wangu alilieleza vizuri sana pale mkutanoni."

Wakuu, mama alivyonitazama siku ile sijatazamwa tena.

Wazee wa ukoo wakawaka. Wakaita kikao barazani kwetu. Upande mmoja mama na mimi, upande wa pili mjomba na Omari. Mkubwa wao, aliyekuwa kaka wa bibi yangu, hakuzungusha maneno. Alisema mila ingali na nguvu, mjomba atalazimishwa kulirudisha, na imamu wataongea naye. Kisha akanigeukia.

"Tunangoja neno lako tu. Unalitaka shamba ama hulitaki?"

Nilikuwa nalitaka. Nisiwadanganye. Nilikuwa nalitaka kwa tumbo na kwa meno. Sikuwa na kingine chochote duniani zaidi ya shati nililovaa na mabango ya jeneza.

Nikamtazama Mjomba. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kwa hamu ya kujua, kama mtu aliyenunua kitu kipya na sasa anakijaribu. Omari alikuwa ameinamia nyayo zake.

Nikamuuliza, "Mjomba, nisingesema yale, ungempa?"

"Nimetaka kumpa tangu alipokwea mnazi wa kwanza," akasema. "Sikujua kama mtu anaruhusiwa."

Nikawaambia wazee shamba ni lake, ampe amtakaye.

Omari akafunika uso kwa mikono. Mama akainuka, akajifunga leso vizuri, na kabla ya kuingia ndani akaniambia:

"Bora ungeshinda. Ungekuwa Bungeni saa hizi ungesema uongo kama wenzako, na shamba tungebaki nalo."

Hakunipikia mpaka nilipopanda meli.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba siasa ukiisema jukwaani ni tamu, kwa sababu unadhani unawaambia watu wengine. Jiandae, siku moja atatokea mmoja aliyekuelewa, naye atakuwa wa kwenu. Na mnaoshabikia uhuru wa mali humu, sina ubaya nanyi, mimi bado ni wenu. Ila jiulizeni kwanza nyinyi mnakalia shamba la nani.

Na jambo moja najivunia mpaka leo. Katika wagombea wote wa mwaka ule, waliopita na walioanguka, namjua mmoja tu aliyetimiza ahadi yake yote, tena bila kuchaguliwa.

Haya, ningependa kusikia. Ungekuwa wewe barazani pale, mama yako pembeni, wazee wanangoja, ungejibu nini? Na wapwa mlio humu, msijifiche.