Mwavuli wa Ayuma Juu ya Khayega

Kama uliwahi kupeleka mahindi kusagwa Khayega miaka ya nyuma, basi Titus Lumiti ndiye aliyekurudishia unga wako. Kisiagi kilikuwa chake. Alisimama kando ya injini ile ya dizeli tangu ujana, nyusi nyeupe kwa unga, na kelele ikamla masikio polepole bila yeye kushtuka. Kwanza ndege wa alfajiri waliacha kulia. Halafu mvua ikaacha kupiga mabati. Mwisho sauti za watu zikaanza kupotea, mteja akiomba mahindi yakobolewe kwanza, Titus anayasaga na maganda yake. Alipoona amegombana na nusu ya soko alimuuzia kisiagi kijana wake wa kazi, Sifuna, akarudi kukaa nyumbani.

Huko nyumbani ndiko alikojua amepoteza nini.

Mkewe Ayuma, ambaye watu humwita Mama Wesley kwa sababu ya mtoto wao aliye Lugari, alikuwa mtu wa maneno. Zamani walikuwa wakiongea mpaka moto unazimika jikoni wenyewe. Lakini kuongea na Titus sasa ni kupiga kelele, na kuna maneno ambayo ukiyapigia kelele yanaharibika. Huwezi kumsengenya jirani kwa kelele. Huwezi kutania kwa kelele. Basi Ayuma akapunguza. Akabaki na "Kula," na "Mvua," na "Funga kuku." Kama amesema kitu kingine na Titus akauliza, "Umesema nini?" Ayuma anapunga mkono: "Wacha tu."

Maneno hayo mawili Titus aliyajua midomoni mwa mkewe kuliko mengine yote. Habari kubwa hakuikosa. Mtu akifa, watu watakuja kukuambia hata kwa kukushika shati. Alichokosa ni kile kinachosemwa huku mtu anachambua mboga.

Siku moja alienda Kakamega mjini na kupita kwa Chepng'etich, mama anayeuza vitu vya mitumba visivyo nguo: baiskeli, pasi, vitanda vya watoto. Juu ya rundo palikuwa na ndege nyeupe, ya kuchezea lakini si ya mtoto. Mabawa yake yalipita urefu wa mtu mzima. Bawa moja lilikuwa limeraruka kama lililotafunwa na mbuzi, na puani palikuwa na tundu tupu, injini ilishang'olewa. Rimoti yake ilikuwepo, imefungwa kwa mpira. Titus aliiinua akidhani itamlemea. Ilikuwa nyepesi kama ingokho, kuku aliyekonda.

Chepng'etich akamweleza kwa mikono. Injini inaipandisha juu. Halafu unaizima. Ndege inabaki huko huko, inatembea kwa upepo. Akaweka kidole midomoni: bila sauti.

"Hata wewe huisikii?" Titus akauliza.

"Hakuna mtu anaisikia, mzee."

Titus akacheka mpaka watu wakageuka. Kesho yake alirudi na mizani yake ya zamani ya kisiagi, wakabadilishana.

Bawa ndilo lililomtesa. Mbao zilizokuwa ndani zilikuwa laini na nyepesi, aina isiyouzwa huku. Alijaribu msonobari, ukawa mzito. Alijaribu bua la mahindi, likavunjika. Kisha akakumbuka mkonge uliokuwa kwenye ua wa nyuma, ambao mlingoti wake ulishakauka umesimama. Akaukata, akaupasua vipande vyembamba, akavilainisha kwa msasa, akavibandika kimoja kimoja mahali pa mbavu zilizovunjika.

Sasa ilibaki ngozi ya juu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mwavuli wa Ayuma, wa zambarau wenye maua, ambao vyuma vyake vilishapinda. Titus aliutazama siku mbili. Siku ya tatu akachukua makasi.

Jioni hiyo mvua ilimkuta Ayuma njiani kutoka sokoni. Alipoingia akichuruzika maji, kitu cha kwanza alichoona ni maua yake yamenyooshwa juu ya bawa. Alisema mengi. Titus hakusikia hata moja, lakini aliyapata yote.

Injini aliipata kwa Kipyegon, fundi wa simu na kompyuta mjini. Mtu alikuwa amemwachia droni ya kupigia picha za harusi, iliyojigonga kwenye paa la kanisa, na hakurudi kuichukua. Kipyegon akang'oa injini moja, pamoja na kibao kidogo cha kuiamuru, akaongeza betri kutoka tumbo la kompyuta kuukuu. Akaunga nyaya, akaweka puani panga mbili za kukata hewa, zinazojikunja injini ikizima.

"Betri hizi ni za uzee," alimwonya kwa kumwandikia kwenye simu. "Zikichoka, injini inazima yenyewe. Lakini bado utaweza kuongoza."

Nyumbani Titus aliipima injini kama alivyokuwa akipima beringi za kisiagi: ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini katikati ya meno. Mtikisiko ukapanda taya mpaka kichwani. Injini ilikuwa nzima. Aliona ameshinda.

Alikwenda peke yake kwenye uwanja wa kupiganishia mafahali, siku isiyo ya mafahali. Nyasi zilikuwa fupi na kavu. Waendesha boda boda walisimama kutazama, Sifuna akaacha kisiagi chake akaja. Titus akairusha kwa mkono wa kulia, akasukuma kijiti cha injini, na ile ndege ikaondoka kana kwamba ilikuwa ikimsubiri yeye tu. Ikapanda. Akavuta kijiti cha pili ili ipande zaidi. Kando ya uwanja watu wakaanza kuruka na kupunga mikono, midomo wazi. Titus akatabasamu, akawaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuvuta.

Ndege ikasimama hewani, ikainama, ikaja chini pua mbele mpaka ndani ya majani ya ng'ombe ya jirani.

Sifuna alimfikia kwanza. Hawa wawili walielewana vizuri, kwa kuwa mtu wa kisiagi hujifunza kusema kwa mdomo mpana, bila sauti. "Mzee! Injini ilizima kitambo! Tulikuwa tunakuambia ishushe pua, wewe unatuchekea tu!"

"Nilidhani mnashangilia."

Sifuna akataka kucheka, akaangalia viatu vyake.

Titus alibeba vipande vyake. Hapo sasa alielewa. Ndege ikiwa mbali huwezi kuona kama panga zinazunguka. Ni lazima usikie. Na bisibisi haifiki kule.

Usiku wakila, alisema, "Mama Wesley, nataka masikio yako."

Ayuma akaweka kijiko chini. "Mwavuli uliuchukua," akapaza sauti, nadhani hata kwa jirani walisikia. "Sasa masikio?" Kisha akaongeza kitu, chini chini, akiitazama sufuria.

"Umesema nini?"

"Wacha tu."

Titus akala obusuma, ugali wake, mpaka mwisho. Hakuomba tena. Alirekebisha pua, akaunganisha bawa, na ndege ikakaa ukutani mpaka mahindi yakafika magotini. Akiwa peke yake angeweza kuirusha, ndiyo, lakini alijua angeirusha mara moja tu.

Asubuhi moja alimkuta Ayuma mlangoni amefunga leso kichwani, amevaa gambuti, ameshika rimoti kama mtu aliyeshika paka wa wenyewe.

"Sitapiga kelele uwanjani kama anayefukuza nyani shambani," alisema, akimtazama usoni ili amwone midomo. "Nitakuwekea mkono mgongoni. Mkono ukiwepo, injini inalia. Nikiutoa, imezima. Na ikianguka, mimi sikujui."

Sifuna alikuwa uwanjani tayari. "Mama Wesley! Umeandikwa kazi kiwanja cha ndege?"

"Rudi ukasage unga wa watu," Ayuma akamjibu, na Titus akayaona yote mawili midomoni mwao.

Akarusha. Mkono wa mkewe ukatua katikati ya mabega, mzito, wenye joto. Ndege ikapanda juu ya mikaratusi, juu ya mabati ya soko. Titus hakuangalia watu. Alikuwa akiusikiliza mgongo wake.

Mkono ukatoka.

Akarudisha kijiti cha injini chini, akashusha pua. Bawa la zambarau likalala sawa juu ya hewa, likageuka taratibu, jua likapita katikati ya maua. Watu wote uwanjani walinyamaza. Aliona midomo yao imefungwa. Ilikwenda mpaka upande wa mto, ikarudi, ikazunguka tena, haina haraka.

Ndipo mkono ukarudi mgongoni.

Titus akashtuka. Akaangalia kijiti cha injini. Kilikuwa chini kabisa. "Imewaka?" akauliza, macho juu. "Ayuma, imewaka?"

Aliona pembeni ya jicho kwamba mkewe anasema kitu.

"Umesema nini?" Akauliza kwa mazoea tu, akajiandaa kwa yale maneno mawili.

Ayuma akazunguka mbele yake, akawa kati yake na ndege, ikambidi Titus achungulie juu ya kilemba chake ili asiipoteze. Akasema polepole, bila kelele.

"Haijawaka. Nimesema huo mwavuli hata siku ulipokuwa mpya haukuwa mrembo hivyo."

Titus aliyapata yote. Akageuza ndege mara moja tena juu ya soko, akaiweka sawa.

"Nini?" akauliza.

"Ai, Baba Wesley!" Ayuma akasema, na akayarudia.