Ramani ilionyesha njia mbili za intaneti kwenda Newala, Mama Hamisi akaniumbua

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa mtandao Masasi, kampuni ndogo ya kusambaza intaneti. Huku mimi ni mtu wa kuja.

Nilikuta ramani ya mtandao wetu iko vichwani mwa mafundi. Nikaichora kwenye kompyuta: kila antena doti moja, kijani ni nzima, nyekundu imekufa. Nikairusha kwenye TV ya ofisini. Aisee, nilijisikia waziri.

Sasa, sisi minara hatuna. Tunaomba paa la mtu, yeye anapata intaneti ya bure, na antena inaitwa jina la mwenye nyumba. Njia za Newala zilikuwa mbili, zote zinapita kijiji cha Chiungutwa: moja kwa Mama Hamisi, nyingine kwa Mama Rehema.

Akaja mwenyekiti wa chama cha wakulima wa korosho kutoka Newala. Minada wanaifuatilia mtandaoni, na mtandao waliokuwa nao uliwakatikia mnada ukiendelea. Bosi alishanionya: tukimkosa huyu, tawi la Newala linafungwa, na wenzangu wa kule hawana kazi.

Nikajiamini. "Mzee, njia moja ikifa, ya pili inabeba. Tazama."

Nikampigia Mama Rehema, simu nimeweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Naomba uchomoe waya wa antena kidogo."

"Marahaba mwanangu. Haya, nimechomoa."

Newala nzima ikawa nyekundu.

Jasho hilo! Nikampigia Mama Hamisi fasta, nijue kwake kuna nini.

"Mwanangu, si umeniambia sasa hivi nichomoe?"

Sauti ile ile!

Kumbe mama ni mmoja, ana laini mbili. Fundi aliyefunga antena ya kwanza alimjua kwa Hamisi, mtoto wake mkubwa. Aliyefunga ya pili, mwanawe anasoma na Rehema, kitinda mimba. Antena mbili, paa moja, soketi moja. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. "Kijana, tafuta paa la mama mwingine. Mnada ujao nitawajaribu."

Kesho yake nikaenda Chiungutwa, ng'ambo ya pili ya kijiji. Nikamkuta mama anaanika mihogo, nyumba yake ina sola.

"Shikamoo mama. Watoto wako wote wanaitwa nani?"

"Marahaba. Kwani wamefanya nini?"

Siku ya mnada, antena ya pili ikiwa tayari kwenye paa lake, sikubanduka kwenye TV. Mara doti ya Mama Hamisi ikawa nyekundu, kwake umeme umekatika. Nikaangalia Newala.

Kijani!

Nikampigia mwenyekiti kuulizia hali.

"Wewe nawe, tuko kwenye mnada!" Akakata.

Wakuu, sijawahi kufurahia kukatiwa simu kama siku ile.

Nilichojifunza: kabla hujachora doti, nenda kapige hodi kwanza.

Mafundi wenzangu, huko kwenu antena mnaziitaje? Mwageni visa, nisicheke peke yangu.