Pipa la Kavu

Mtaani walimwita Kavu. Haikuwa kwa sababu ya wembamba wake, ingawa alikuwa mifupa na ngozi, bali kwa kuwa bomba alilolifunga yeye halikudondosha tone. Ukimwambia kuna unyevunyevu chini ya sinki aliloliunga, alikosa usingizi kama mtu aliyetukanwa.

Basi mtu huyo alipoamua kujitengenezea bia nyumbani, ndoo na kitambaa hakuvitaka. Alichora mtambo mzima nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati: sufuria kubwa ya kuchemshia kimea juu ya jiko la gesi, bomba la shaba lililojiviringisha kama nyoka aliyelala, la kupoozea, na mwisho pipa la chuma la kuchachushia. Pipa lilikuwa na koki chini na mfuniko wa kukazwa kwa nati pande zote. Juu ya mfuniko ulitoka mpira mwembamba ulioishia ndani ya chupa ya maji, ili hewa ya uchachu itoke ikibubujika na uchafu usiingie.

Rafiki yake, fundi majokofu, alilizunguka pipa akikuna kidevu.

"Na huo mpira ukiziba?"

"Utaziba na nini?"

"Weka valvu ya usalama, bwana wee. Presha haina rafiki."

"Tundu la pili ni mahali pa pili pa kuvuja," Kavu akajibu, na maneno yakaishia hapo.

Mkewe, mshona nguo, alikubali kwa sharti moja tu. "Huo mtambo ukae uani. Ndani ya nyumba yangu, hapana."

Kavu aliitikia. Lakini uani jua lilichoma mchana na usiku ukapoa mno, na hamira haipendi kuyumbishwa. Mkewe alipokwenda kazini, Kavu alilikokota pipa hadi stoo, akalifunika turubai. Alipoulizwa, alisema amelipeleka kwa rafiki yake. Stoo ilipakana na chumba cha mama mkwe, aliyekuja kuuguzwa baada ya kuvunjika nyonga. Kati ya pipa na kitanda cha mama palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba.

Alasiri moja Kavu alirudi mapema, akapita stoo kusikiliza mbubujiko. Kimya. Bia imeiva, akajipongeza. Akafunua turubai.

Mfuniko ambao yeye mwenyewe aliunyoosha kwa nyundo ulikuwa umefura kama tumbo la chura. Maji ya chupa yametulia tuli. Pale mpira ulipoingia kwenye mfuniko palikuwa na donge la povu la kahawia lililochanganyika na majani ya hopsi, yale ya kuitia bia uchungu, limekwama hadi ndani ya chuma. Bia ilikuwa bado inachacha, ila haikuwa na pa kupumulia.

Chuma kikalia: tik.

Kando ya pipa ulisimama mtungi wa gesi, na nyuma ya ukuta mama mkwe alikuwa akikoroma taratibu.

"Mama!" aliita nje ya pazia. "Mama, amka!"

"Nani?"

"Mimi, mkweo. Tutoke nje, mama. Sasa hivi."

"Nitoke na gauni la kulalia? Umepatwa na nini?"

Kavu hakuwahi hata siku moja kulivuka pazia lile. Sasa alilivuka, akageuka, akachuchumaa kando ya kitanda. "Panda mgongoni, mama. Nisamehe."

"Mimi? Nibebwe na mkwe kama mtoto?"

Tik. Safari hii hata mama aliisikia. "Nini hicho?"

"Ndicho tunachokikimbia."

Mikono ya mama ikamzunguka shingoni. Alimbeba hadi kwa jirani ng'ambo ya uchochoro, mama akiuma meno kwa maumivu ya nyonga. Kavu angeweza kubaki huko. Lakini mkewe alikuwa njiani, na desturi yake ilikuwa kuingia moja kwa moja kumjulia mama yake hali.

Akarudi mbio. Mtungi wa gesi aliutoa kwanza. Kisha akafunga kamba kwenye mkono wa koki, akajibanza ukumbini, akavuta. Koki ikafunguka, ikakohoa matope ya hamira, ikaziba.

Hapo alijua hakuna njia ila kuingia. Alichukua godoro la mama mkwe, akalilaza juu ya mfuniko, akalilalia kwa kifua, akapenyeza spana kwa chini. Mtu aliyekaza nati maisha yake yote, sasa aliziomba zilegee. Ya kwanza ikagoma. Jasho likamwingia machoni. Akaisukuma tena, kidogo, kidogo.

Fsss.

Akatulia, akaiacha ipumue. Akalegeza ya pili, na bia ikaruka ubavuni kwa kishindo, ikagonga dari, ikamwosha uso, na godoro likamnyanyua kama mawimbi. Kisha sauti ikafifia, ikabaki michirizi.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa mlangoni.

"Uliniambia liko kwa rafiki yako."

"Nilidanganya."

"Mama yuko wapi?"

"Kwa jirani. Mzima."

Mkewe alikwenda kuhakikisha kwanza. Aliporudi, alisema polepole, "Bia sina ugomvi nayo. Lakini umemlaza mama yangu kando ya bomu, na kila asubuhi unanitazama usoni."

Kavu alichukua tambara, akaanza kukausha sakafu.

Kwa wiki kadhaa waliongea ya lazima tu. Kavu alijenga kibanda cha matofali pembeni mwa ua, akatoboa mfuniko, akafunga valvu. Fundi majokofu alimsaidia bila kusema "nilikwambia", na hilo lilimuuma kuliko matusi. Kabla kimea hakijaguswa, mkewe alisimama nyuma ya ukuta. "Nionyeshe."

Kavu akajaza maji, akapuliza upepo kwa kompresa. Valvu ikapiga kelele, ikaachia.

"Tena," mkewe akasema.

Akarudia. Ikaachia.

"Haya. Pika."

Bia ile ilitoka na ukungu kidogo, na uchungu wa kupendeza. Kavu na fundi majokofu waliinywa uani jua likipungua. Mkewe hakunywa, lakini aliwaletea bilauri, akavuta kiti, akaketi nao.