Karibu ya Jaku

Watu wa Jang'ombe walimjua Jaku Bakar kwa mambo mawili: kutengeneza redio, na adabu. Redio alizitengeneza kwa wastani. Adabu yake ndiyo ilikuwa haina kasoro. Ukibisha hodi kibandani kwake, hata akiwa na misumari mdomoni, "karibu" yake hutangulia kabla hujafika mlangoni.

Ndiyo maana ikawa ajabu kwa mtu kama huyo kupiga gitaa kwa namna aliyolipiga. Mwaka 1966 alianzisha bendi ndani ya gereji ya mjomba wake, baina ya lori bovu na mapipa ya oili. Yeye gitaa na kuimba, Matar, mchukuzi wa bandarini Malindi, hapohapo mjini, besi, Simai ngoma, Abrahman kinanda. Kikuza sauti alikiunda kwa redio kuukuu na betri ya gari, kisha akaichana spika kwa wembe ili gitaa likorome. Wimbo wao mkubwa ulichukua dakika kumi na moja na ulikuwa na maneno sita. Jirani mmoja alisema ni kama mtu anayeumwa na jino ndani ya pipa. Jaku alifurahi, angalau mmoja ameuelewa.

Siku zile kila kikundi kilikuwa na tawi la chama au idara ya serikali ya kukilea. Bendi ya gereji ilijilea yenyewe, jambo lililoonekana la kigeni kuliko muziki wake. Mwaka 1968 kamati ya mtaa ikatoa amri: leteni wimbo mmoja kwenye utepe, usikilizwe, mpewe kibali, la sivyo vyombo vitachukuliwa. Jaku hakuwa na mke wala shamba. Alikuwa na lile gitaa.

"Gerejini sauti inakufa," alisema Matar. "Twende hamamu za Kidichi, zile nyumba za kuogea za masultani wa zamani. Pale ukikohoa peke yako, wanakohoa watu saba."

Wakaenda Jumapili mchana, na betri yao na rekoda ya Abrahman. Mlangoni Jaku alibisha hodi mara tatu, kama inavyopasa kwenye nyumba za kale ambazo hujui nani kabaki. Hakuna aliyeitikia, wakaingia. Chini ya kuba gitaa lilipanda ukutani na kurudi likiwa zima. Hawajamaliza vizuri, mvua ikaanza kupenya matundu ya kuba, wakaifunika betri kwa shati na kutoka nayo mbio. Hakuna aliyekumbuka kuaga.

Jioni walisikiliza utepe kibandani. Sauti ya Jaku ilikuwapo, na mwangwi wake ulikuwapo, mwembamba, wa kike. Simai akaurudisha utepe mara mbili.

"Jaku, we huoni kitu? Mwangwi unakuja mwanzo. Wewe ndo unaufuata."

"Betri dhaifu," alisema Jaku, ambaye alijua kabisa betri dhaifu hufanya nini, na si hivyo.

Katibu wa kamati alikuwa Bi Mwatima, mama wa miwani minene asiyependa chochote tangu Mapinduzi, na inasemekana hata kabla yake. Alisikiliza dakika zote kumi na moja amefumba macho.

"Nyinyi wanne makelele matupu," alisema mwishowe. "Lakini huyo mwanamke anajua. Jina lake nani?"

"Mgeni tu huyo, Bi Mwatima," alisema Jaku.

Bi Mwatima akaandika: watu watano, mmoja mgeni. "Sikukuu mtapiga uwanjani saa kumi. Ntakuja kuhesabu. Nikikuta wanne, mmenidanganya, na vyombo nnachukua siku hiyohiyo."

Matar alimwendea binamu yake Wanu, aliyekuwa na sauti nzuri, asimame nao. Wanu alitaka kwanza kuusikia utepe. Akausikia.

"Hapo pana mtu keshasimama," alisema, na akarudi kwenye mchele wake.

Ikabaki siku moja. Jaku alikata shauri aende Kidichi peke yake, aage kama mtu aliyelelewa, kisha arudi kwa Bi Mwatima akakiri na kuomba kunasa utepe mwengine, wa wanne. Alifika adhuhuri. Hapakuwa na mtu, na mikarafuu yote ilikuwa imetulia. Akavua viatu, akasimama kizingitini, akasafisha koo ili aseme kwaheri.

Kutoka ndani, taratibu, mtu akasema: "Hodi."

"Karibu," alisema Jaku.

Lilimtoka tu. Miaka thelathini na moja ya malezi mema haingoji ruhusa. Kitu cha baridi kikampita begani, kikielekea njia ya mjini. Kwa Bi Mwatima hakwenda tena.

Siku ya pili uwanja ulijaa nguo mpya. Wanne wakapanda jukwaani, wakapiga wimbo wao, na Jaku hakugeuka nyuma hata mara moja. Ulipokwisha, Bi Mwatima alikuja na karatasi yake, akawapitia mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu.

"Watano. Sawa," alisema. "Ila mwambieni mwenzenu asipande na miguu imerowa. Pale pana nyaya."

Kibali kilirudiwa kila mwaka, na kila mwaka kiliandikwa watano. Bendi ilikwisha mwaka 1971, Matar alipohamia Dar es Salaam na Abrahman alipooa. Gitaa liko ukutani kwa Jaku, halijachukuliwa na mtu.

Redio bado anatengeneza, kwa wastani uleule. Lakini wateja wanalalamika kwamba ameharibika tabia: unabisha hodi hata mara kumi, naye anakutazama tu, meno ameyakaza. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu INGIA, na ukiuliza kwa nini sakafu ya kibandani haikauki, anakwambia ni paa.