Mkeka wetu wa harusi umekwamisha filamu yangu

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, nimeishia kidato cha nne, naishi Morogoro Mjini. Huu ni mwezi wa tatu tangu niolewe na jamani, nampenda mume wangu mpaka nacheka peke yangu nikiosha vyombo! Aliuza pikipiki yake akaninunulia kamera, maana anajua ndoto yangu ni kutengeneza filamu.

Filamu yangu ya kwanza inamhusu bibi wa bibi yangu, enzi za Mjerumani. Mumewe alikubali kuwa jumbe, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani, akataka shamba la ukoo wa mkewe lilimwe pamba yao. Kwetu Uluguru shamba ni la upande wa mama, mwanaume amekuja kuoa tu. Yule bibi akautupa nje mkeka wa mumewe mbele ya watu, ndoa ikaishia hapo. Na filamu inaishia hapo.

Mimi naigiza bibi, mume wangu jumbe. Akifoka, wamama wa kijijini wanaoigiza nasi wanamtania: "Mkwe, mdomo unafoka, macho yanabembeleza!" Nikajiona nina bahati kuliko wanawake wote.

Jumapili tukafika kwenye kutupa mkeka. Nilileta wetu wa harusi, aliotusukia mama mkwe. Nilipouinua tu, mume wangu akasimamisha kazi.

"Huo hautupwi. Badilisha, huyo mwanamke amsamehe mumewe."

"Lakini hakumsamehe, mume wangu. Basi tuazime mkeka mwingine."

"Hata ukiazima. Watu watamwona mke wangu ananifukuza. Siku ukitupa mkeka wowote, mimi nauchukua huu wetu naondoka kwa mama."

Alisema akitabasamu, akanibusu kwenye paji la uso. Bibi yangu, aliyenisimulia kisa hiki, alikuwa amekaa pembeni. "Mjukuu wangu," akasema, "nimeteremka mlima kwa miguu hii nione mkeka ukitupwa. Msamaha umetoka wapi?"

Tangu siku hiyo mume wangu ananiletea chai kitandani, ananiita malkia. Kamera ameifungia kabatini, ufunguo anao yeye. Nikiuomba, ananikumbatia mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Jumamosi bibi na wamama wanatusubiri tumalizie filamu. Nikibadilisha mwisho, nitakuwa nimempokonya bibi kisa chake. Nisipobadilisha, nitalala peke yangu sakafuni. Wenzangu mlioolewa, niambieni ukweli: niutupe huu mkeka, au niukunje ninyamaze?