Chuma cha Xavery

Hakuna kitu kilichomtesa Xavery maishani kama lile trekta. Na lilikuwa dogo tu, la magurudumu mawili, mtu analishika mikono kwa nyuma na kulifuata kama anayeswaga ng'ombe. Padri mmoja mzungu alikuwa akililimia bustani yake ya mboga pale misheni, na Xavery ndiye aliyekuwa mtunza bustani. Padri aliporudi kwao alimwachia, likiwa bovu, akasema ni zawadi. Zawadi gani hiyo ya kumtoa mtu jasho miaka nenda miaka rudi.

Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kando ya barabara Nyakahura, wenzake walibeba milango yao, na madirisha, na mawe ya kusagia. Xavery aliazima ng'ombe akaburuta trekta. Mlango wake ukabaki kule kwenye mahame, na kufika anaurudia, wajanja wamekwisha kuung'oa. Msimu mzima walilala kwenye nyumba iliyofungwa kwa mkeka. Clotilda, mkewe, hakumsamehe ule mlango, na kila walipokosana aliutaja.

Basi kila alipotoka kwenye shamba la kijiji, yeye na spana. Alikata gasketi kwenye ngozi ya kiatu chake. Ringi za pistoni alizipata Lusahunga kwa dereva wa lori, akazikuta kubwa, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikawa ndogo mno, akaanza tena kutafuta nyingine. Akiponya hapa, panaugua pale. Swichi ya kuzimia ilikuwa inakula moto wa plagi, akaing'oa akaitupa huko. Kuzima, alisema, ni shida ya mtu ambaye lake limekwisha kuwaka.

Wapita njia walimchoka, wakaanza kumtania. "Xavery, mgonjwa kaamkaje leo?" Mwingine akiwa mbali, akiongea na hewa, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Yeye anainamisha kichwa na kuvuta kamba ya kuwashia, anavuta, anavuta, mpaka bega linamwaka moto. Trekta kimya. Siku nyingine alilipiga teke, akaumia yeye.

Ndipo vita vikaja. Nduli wa nchi jirani akavuka mpaka akaingia kaskazini, malori yote yakaelekea huko, petroli ikawa ya jeshi. Dukani jembe hulioni. Na amri imetoka kwamba kila kijiji kilime chakula cha askari. Mwenyekiti wa kijiji, Ndassa, akaitisha mkutano, akasema kila chuma kisicho na kazi kipelekwe kwa Mihayo mhunzi kikafuliwe majembe. Hakumtaja mtu, lakini mkutano mzima uligeuka kumtazama Xavery.

Xavery akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, nipeni mpaka Jumamosi. Mje wote nyumbani. Likiwaka mbele yenu, mtaliombea petroli wilayani, litalima shamba la askari na nitalishika mimi mwenyewe. Lisipowaka, lichukueni."

"Tumekubali," alisema Ndassa, na watu wakacheka.

Petroli aliyokuwa nayo ilikuwa chupa moja tu ya bia, ameificha chini ya kitanda tangu kabla ya vita. Ilikuwa ya Jumamosi. Lakini Ijumaa asubuhi moyo ulimkataa. Je, wakija wote, kisha likakaa kimya kama kawaida yake? Afadhali ajaribu kidogo, asikie japo kikohozi. Akamimina tone, halikufika kwenye kabureta. Akaongeza, wapi. Tangi lilikuwa halipeleki mpaka lijae kiasi, na mwisho chupa yote ikaingia. Akavuta kamba.

Likakohoa. Likanyamaza kidogo, kisha likashika na kuunguruma, kijiji kizima kikatetemeka. Gia ilikuwa imekwama kwenye mwendo wa mbele, basi trekta likaondoka naye, likaingia kwenye muhogo wa Clotilda, linafumua tuta baada ya tuta, na Xavery ananing'inia nyuma anapiga kelele za furaha. Angeweza kuliziba pumzi kwa kiganja likazimika. Kusema kweli, hakutaka. Alilifuata mpaka tone la mwisho likaisha na trekta likasimama lenyewe.

Alipoinua kichwa atafute wa kumshuhudia, hakuona mtu. Mlango huu wazi, ule wazi, uji unamwagika mekoni. Mgambo walikuwa wamewafundisha watu kwamba wakisikia mngurumo wasioujua wakimbilie kwenye mahandaki, na wote walikuwa wamekimbia. Clotilda peke yake alisimama mlangoni kwa jiko, mwiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Limewaka, Baba Zita," alisema. "Nimeliona."

Xavery akakimbia hadi handakini. Ndassa alikuwa anatoka mwisho, kwa kuwa alitangulia kuingia, matope mpaka masikioni.

"Ndugu Mwenyekiti, lilikuwa trekta langu."

"Ilikuwa ndege ya adui," alisema Ndassa. "Nimekwisha kutuma mtu kwa baiskeli apeleke habari wilayani."

"Ndege gani? Njoo uone matuta."

Hakuna aliyekwenda kuona. Mmoja alisema huenda ni nguruwe pori waliofukua. Walijua, wote walijua, lakini nani angekubali kwamba ameacha watoto na kukimbia mashine ya mchicha? Xavery alitaka kulia kwa hasira.

Jumamosi, watu wakiwa wamekusanyika nyumbani kwa Xavery kama walivyokubaliana, afande mmoja wa jeshi alifika kwa Landrova. Kabla hajashuka, Ndassa alimvuta Xavery kando. Safari hii hakuongea kama mwenyekiti. "Ndugu yangu, ukisema ni trekta, wewe ndiye uliyetia wananchi hofu wakati wa vita, na mimi ndiye niliyepeleka habari ya uongo. Tutakwenda wote tusikokujua. Mfikirie mkeo."

Afande akauliza nani aliyeisikia vizuri hiyo ndege. Vidole vyote vikamwelekea Xavery. Wale wale waliomcheka sasa walikuwa wanamsihi kwa macho.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ilikuwa na mlio gani?"

"Ilianza kwa kukohoa," alisema Xavery. "Nikadhani itakufa. Kisha ikashika, ikaunguruma sawasawa, bila kukatakata."

"Kwa hiyo injini ilikuwa nzima? Haikuwa na hitilafu?"

Miaka yote alimngoja mtu wa kumuuliza swali hilo. "Nzima kabisa, afande. Fundi wake alikuwa fundi."

Afande akaandika. Alipofunga kalamu, macho yake yalifika kwenye muhogo, pale trekta lilipozimikia. "Na kile kule ni nini?"

Clotilda alisogea akamshika mumewe mkono, akaubana.

"Ni chuma tu, afande," alisema Xavery. "Kinamngoja mhunzi."