Anayevuna Umeme wa Redio Hasamba

Saa kumi na moja alfajiri, mnara wa redio ulio nyuma ya migomba ya Ketrina Nzowa unawashwa. Hausikiki. Lakini mezani kwake mshale wa kipimo unapanda, na mama huyu wa miaka hamsini na tisa anashusha pumzi.

"Haya, umeamka," anasema. Nyumba nzima hamna mtu mwingine, basi anauambia mshale.

Kando ya kipimo kuna kopo la maziwa ya unga. Waya mmoja unatoka humo hadi kwenye mkaratusi nje, mwingine unaingia kwenye simu ndogo ya vitufe. Waya wa nje unadaka mawimbi ya mnara, koili iliyomo koponi inayachuja, na dayodi nne zinayageuza kuwa umeme wa kuchajia. Kadubwana hako amekabuni mwenyewe.

Ufundi wa redio alifundishwa na marehemu mumewe, Jonasi. Siku hizi akipata redio moja kwa wiki, anashukuru.

Kijiji hiki cha Hasamba hakina umeme; nguzo ziliishia mnarani. Zamani alikuwa akipeleka simu Iyula kuchajiwa, anailipia shilingi mia tatu na kuiacha hadi kesho yake. Machi 2012, simu ikiwa huko imezimwa, mwanawe wa pekee, Sunday, aliyevuka mpaka wa Tunduma kwenda kutafuta maisha Zambia, alimpigia mara tatu. Kesho yake Ketrina alikuta ujumbe wa mtandao kwamba namba ngeni ilimtafuta.

"Nikapiga ile namba. Akapokea dereva wa lori. Akasema, mama, kijana aliazima simu yangu hapa mjini Kapiri, ameshaondoka. Alikuwa analia."

Anafuta meza isiyo na vumbi.

"Hajapiga tena. Miaka miwili sasa. Mwanangu alinihitaji, mimi nimezima simu! Inaniuma, jamani."

Kipaneli cha sola alichonunua baada ya hapo kiliibwa juu ya bati, mwezi haujaisha. Ndipo akaugeukia mnara, ambao mawimbi yake hakuna mwizi wa kuyabeba.

Dayodi mpya za Tunduma zilimwangusha. "Zina ulafi hizo. Mawimbi yenyewe kiduchu, zinakula kwanza, kinachobaki simu haishibi." Kila siku ya tatu simu ilizima, naye alikesha akijilaumu.

Akaanza kuomba redio mbovu za zamani nyumba kwa nyumba, achomoe dayodi zake za kioo, ambazo hula kidogo. Alizipima moja moja, akasuka koili na kuifumua, miezi kumi na minne.

"Mama Sunday, leo umevuna magunia mangapi ya hewa?" jirani yake Raphaeli alikuwa akimtania. Siku aliposikia habari za Kapiri, alikuja na redio ya marehemu baba yake. "Chukua tu, dada," akasema, akaondoka bila kuketi.

Dayodi ya nne ilitoka humo. Leo ni siku ya arobaini na moja simu haijazima. Ila Ketrina naye hatoki: kanisani haendi, misibani haendi, maana njiani mtandao unakatika.

Mwandishi anamwomba namba, ampigie siku moja kumjulia hali. Ketrina anatikisa kichwa.

"Usinipigie, baba. Ikilia nitajua ni yeye. Halafu nikute ni wewe?"

Kisha anavuta kiti karibu.

"Wewe niandikie gazetini. Wenzetu kule Zambia wanasoma. Andika hivi: Sunday, namba ya mama ni ile ile. Piga saa yoyote."